Kiraka namba 28

Jezi yangu ya mazoezi niliinunua Karume kwa shilingi 3,000, nikiwa mwaka wa kwanza, siku mbili baada ya bumu kuingia. Muuzaji alitaka 5,000. Nikamwonyesha herufi ya mwisho mgongoni imeanza kubanduka, akanung'unika, akashuka. Ni jezi ya bluu iliyokoza, ina pembe za kondoo dume za rangi ya dhahabu kwenye mikono, na mgongoni imeandikwa FAULK 28. Sikumjua Faulk. Nilijua tu kwamba kitambaa ni kizito na hakitachanika upesi.

Kwa miaka miwili watu wa bwenini waliniita Foku. Uwanjani nilikuwa na jina jingine: Kiraka.

Anayesikiliza mpira redioni analijua neno hili. Mtangazaji akisema fulani ni mchezaji kiraka, anamsifu: leo beki wa kulia, wiki ijayo kiungo mkabaji, mshambuliaji akiumia anapelekwa mbele. Lakini neno lenyewe limetoka kwa fundi cherehani, na fundi hashoni kiraka mahali pazima. Ndivyo nilivyokuwa kwenye timu ya kitivo chetu. Nahodha alikuwa anapanga wachezaji kumi, halafu ananitazama mimi na tundu lililobaki. Nimecheza beki zote mbili. Nimecheza winga. Kipa wetu alipopata safari ya kwao nikakaa golini mechi tatu, na mimi si mrefu.

Sikulalamika. Kusema kweli nilijisikia mtu wa maana. Na ukiwa kiraka uwanjani, watu wanakuzoea hivyo kila mahali. Kwenye asaimenti za kundi mimi ndiye nilikuwa natafuta vitabu, nafanya mahesabu, nachapa, napeleka kuprinti. Wengine ninyi mnajijua. Mnakuja siku ya presentesheni mmevaa vizuri. Nyumbani mimi ni wa kwanza kuzaliwa na baba hatunaye. Mama ana genge. Luku ikigoma napigiwa mimi. Sare ya mdogo wangu ikichanika napigiwa mimi, na bumu linapungua.

Mwaka wa pili matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu mbili. Nilimpigia mama usiku, wenzangu wamelala. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba, mshika mbili moja humponyoka. Sasa wewe umeshika ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kuhesabu nikiwa kitandani, nikafika saba nikaacha.

Wiki ile ile ndipo nilipokutana na kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuja kusoma Kiswahili kwa muhula mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye kimbweta najiandaa na sapu, nimevaa jezi. Akapita, akasimama, akarudi nyuma hatua tatu. "Samahani kaka," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "unamjua huyo mtu wa mgongoni?" Nikasema hapana. Akaweka begi chini kama mtu aliyefika msibani. Yeye anatoka St. Louis. Timu ya jezi ile, Rams, ilikuwa ya mji wao hadi ilipohamia Los Angeles mwaka 2016, na baba yake, alisema, bado hajasamehe.

Basi akakusanya vizibo vya soda, akavipanga juu ya kimbweta, akanifundisha. Nami nawapitishia kwa ufupi, maana mchezo wenyewe unaonekana kama ugomvi mpaka uelezwe. Ni timu mbili za watu 11. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na yadi ni pungufu kidogo ya mita. Ikifaulu, inahesabiwa upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linaanza na mtu mmoja, kwotabeki, anayepokea mpira na kuamua: aurushe mbele kwa wadakaji, au amkabidhi mkimbiaji anayesimama karibu naye, mara nyingi nyuma yake. Kuuingiza mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi sita.

Mchezo huu umegawa kazi kuliko mchezo wowote ninaoujua. Kuna watu wa kushambulia tu na watu wa kulinda tu, na wanapishana kuingia uwanjani. Kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kupiga mpira kwa mguu, akimaliza anarudi kukaa. Mkimbiaji alitakiwa akimbie, mdakaji adake. Na katika mchezo wa namna hiyo ndimo alimotokea Marshall Faulk.

Baada ya siku hiyo nilimfuatilia mwenyewe, kwa waifai ya maktaba, wakati nilipaswa kusoma sapu. Nakiri.

Faulk alizaliwa New Orleans mwezi Februari 1973, akakulia kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini zilizoitwa Desire, neno ambalo kwa Kiswahili tungesema Shauku. Alipokuwa kijana aliuza bisi ndani ya Superdome, uwanja mkubwa wa mji ule, ili aingize hela na awe karibu na mchezo. Shuleni alicheza mbele na nyuma, kushambulia na kulinda. Alipomaliza sekondari vyuo vikubwa vilimtaka, lakini vingi vilimtaka awe mlinzi. Walimwona ana kasi na anajua kukaba, wakamwekea tundu lao.

Hapa niliinua macho kutoka kwenye simu. Nikaona kaka huyu nahodha wangu anamfahamu.

Faulk hakukubali. Alitaka kuwa mkimbiaji. Akaenda San Diego State, chuo kisichokuwa na jina kubwa kama vile vingine, kwa sababu wao walimwahidi nafasi hiyo. Tarehe 14 Septemba 1991, akiwa na umri wa miaka 18, mwaka wa kwanza kama ninyi mlioripoti juzi, alianza mechi yake ya pili akiwa benchi. Mkimbiaji aliyekuwa mbele yake akaumia. Faulk akaingia, akakimbia yadi 386 na kufunga tachidauni saba dhidi ya chuo cha Pacific. Yadi hizo zilikuwa rekodi ya vyuo vyote vikubwa nchini humo kwa mechi moja. Mtu waliyetaka awe mlinzi.

Mwaka 1994 Indianapolis Colts walimchukua akiwa chaguo la pili la taifa zima, na msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 1,282 na kupewa tuzo ya mshambuliaji mpya bora. Na huko ndipo ilipoanza kuonekana kwamba hakuwa mkimbiaji tu. Alikuwa anadaka. Wakimbiaji wengi hudaka pasi fupi ya kuokolea jahazi, kwotabeki akikosa pengine. Faulk alitumwa mbali kama mdakaji wa kazi hiyo, akakata kona, akageuka, mpira ukamkuta. Mwaka 1998 alikimbia yadi 1,319, akadaka yadi 908. Jumla 2,227. Hakuna mchezaji mwingine aliyemfikia kwenye ligi msimu huo.

Sasa sikieni walichomfanyia. Kulikuwa na mvutano wa mkataba, na mwaka 1999 Colts wakamwachia aende St. Louis Rams. Walipokea nini? Haki mbili za kuchagua vijana ambao bado walikuwa vyuoni: moja ya raundi ya pili na moja ya raundi ya tano. Mchezaji aliyeongoza ligi nzima kwa yadi akaondoka kwa bei ya mtumba. Nikaikumbuka ile 3,000 yangu, nikamwonea haya.

Rams walikuwa wamemaliza msimu uliotangulia wakiwa wameshinda mechi nne na kupoteza 12. Kwotabeki wao mpya aliumia kabla msimu haujaanza, wakamweka Kurt Warner, ambaye miaka michache nyuma alikuwa anapanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la vyakula. Timu hiyo, ya mtu aliyetoka dukani na mtu aliyeuzwa kwa bei ya kutupa, ilishinda mechi 13 na kupoteza tatu. Faulk alikimbia yadi 1,381 na kudaka yadi 1,048. Kabla yake ni mtu mmoja tu katika historia ya NFL aliyewahi kuvuka elfu kwa miguu na elfu kwa mikono katika msimu mmoja: Roger Craig wa San Francisco, mwaka 1985. Baada yake ilichukua miaka 20 hadi Christian McCaffrey alipofanya hivyo mwaka 2019.

Lakini mechi iliyonikamata ni fainali yenyewe, Super Bowl ya tarehe 30 Januari 2000 mjini Atlanta, dhidi ya Tennessee Titans. Titans walimfungia njia. Alikabidhiwa mpira mara 10, akapata yadi 17. Kumi na saba! Kwa mkimbiaji wa kawaida hiyo ni siku ya kuzikwa. Faulk alidaka pasi tano, akapata yadi 90. Mlango mmoja ulipofungwa hakuhitaji kuomba kubadilishwa, wala kocha hakuhitaji kumtoa. Alikuwa amesimama pale pale. Rams wakashinda 23 kwa 16, na mchezaji wa Titans aliangushwa yadi moja tu kabla ya mstari, muda ukiisha.

Mwaka uliofuata alifunga tachidauni 26, rekodi ya wakati ule, ingawa mechi mbili hakucheza kabisa. Akatajwa mchezaji bora wa ligi. Kuanzia 1998 hadi 2001 alivuka yadi 2,000 za jumla kila mwaka, misimu minne mfululizo, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Nilimrudishia rafiki yangu hesabu hizi kimbwetani nikiwa nimechangamka. Akanisikiliza, halafu akachukua vizibo vyake. "Umeacha kazi moja," akasema. Akapanga kwotabeki, akapanga mkimbiaji, kisha akaleta kizibo cha adui kikitoka pembeni kwa kasi. Nani anamzuia huyu? Kwotabeki anatazama mbele, hamwoni. Mkimbiaji ndiye anayetakiwa amwone, asimame mbele yake na kupokea kishindo, mara nyingi cha mtu mzito kuliko yeye. Kazi hiyo haiandikiwi yadi hata moja. Faulk aliifanya, na aliweza kuifanya kwa sababu alikuwa msomaji. Alijulikana kwa kusoma mikanda ya mechi na kujua kazi ya kila mtu uwanjani, wa kwao na wa upande wa pili. Kabla mpira haujaanza alikuwa ameshajua hatari inatoka wapi.

Siku hiyo ndipo nilipoielewa tofauti yangu na yake, na haikuwa kipaji peke yake. Kipaji ananizidi, hilo halina mjadala. Tofauti nyingine ni kwamba Faulk alikuwa na kwao. Alisema hapana mara moja, mlangoni, kuhusu mahali atakapoanzia. Baada ya hapo alikubali kila kazi, lakini kila kazi ilianzia sehemu ile ile: karibu na kwotabeki. Kukimbia kulianzia hapo, kudaka kulianzia hapo, kumlinda mwenzake kulianzia hapo. Na kila kazi ilifanya nyingine iwe rahisi, kwa sababu wapinzani hawakujua leo inakuja ipi. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Nilisema ndiyo mlangoni, nikaingia, nikawa sina pa kukaa. Kukaa golini hakukunifundisha kuwa kiungo. Kuchapa kazi ya wenzangu hakukunifundisha hesabu, kulinifundisha kuchapa.

Methali ya mama inabaki kuwa kweli. Mshika mbili moja humponyoka, hasa kama mbili zenyewe ziko pande mbili. Faulk alishika tatu, ila zilikuwa kwenye kamba moja.

Nisiwafiche mwisho wake pia, kwa sababu mwili una hesabu zake. Tarehe 3 Februari 2002 Rams walirudi kwenye Super Bowl, safari hii New Orleans, ndani ya Superdome ile ile alimouza bisi. Ungekuwa mwisho mzuri wa filamu. Walifungwa na New England Patriots 20 kwa 17, kwa mpira uliopigwa sekunde za mwisho. Tangu msimu uliofuata hakufikisha tena yadi 1,000 za kukimbia. Magoti yalichoka. Mwaka 2004 timu ilimchagua kijana mwingine, Steven Jackson, acheze nafasi yake, na Faulk akawa anatoka ili kijana aingie. Msimu wa 2006 wote alikuwa nje kwa ajili ya upasuaji wa goti, na Machi 2007 akastaafu. Alikuwa amekimbia yadi 12,279 na kudaka yadi 6,875. Mwaka 2011 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo huko Canton, Ohio. Kwa hiyo hata anayejua kila kitu anafika mahali anapisha. Ila anapisha nafasi yenye jina lake.

Mimi nilifanya nini na somo hili? Kidogo tu, na si vyote vilikwenda vizuri.

Nilimfuata nahodha kabla ya mazoezi. "Kaka," nikamwambia, "mimi ni kiungo. Kama nafasi haipo, nitakaa benchi, lakini golini sirudi." Akacheka akidhani natania. Halafu akaacha kucheka. Mechi mbili zilizofuata nilikaa benchi na jezi yangu nzito kwenye jua. Mechi ya pili kipa hakuwepo, wakamweka mtu mwingine, tukafungwa mawili bila. La pili lilimpita katikati ya miguu. Hakuna aliyenisema, lakini kwenye daladala la kurudi nilikaa peke yangu. Sijui kama nilifanya haki. Bado nikilikumbuka lile goli najisikia vibaya.

Kwenye asaimenti nilisema nitafanya mahesabu, na kuchapa afanye mwingine. Kundi moja lilinielewa. Jingine lilisema nimeanza kuringa, na muhula uliofuata hawakuniita. Nyumbani ndiko sikusema hapana, na sitasema, kwa sababu ule mzigo nao ni wangu. Ila likizo nilikaa na mdogo wangu wa kike jioni mbili, nikamfundisha kununua luku kwa simu na kuandika hesabu za genge. Siku hizi mama akinipigia, mara nyingi anataka tu kujua kama nimekula. Sapu zote mbili nilitoka. C na C, maana kwetu sapu haina zaidi ya hapo.

Kabla hajaondoka, yule rafiki yangu aliomba kupiga picha mgongo wangu amtumie baba yake. Nikageuka, nikasimama wima, FAULK ikiwa imebaki FAUL maana K ilishakwenda na maji ya kufulia. Jibu la baba yake lilikuja usiku, kaka akanitafsiria. Mzee hakusema lolote kuhusu jezi. Aliuliza huyo kijana anacheza nafasi gani.

Kwetu tungeuliza: unacheza namba ngapi? Nilikaa na simu mkononi. Miaka miwili nimevaa 28 na nimeitikia kila namba, kuanzia moja hadi 11, na hakuna hata siku moja mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia mwenzangu aandike kwamba nacheza namba nane.

Ninyi wa mwaka wa kwanza mtaitwa kila upande. Kwaya, chama, kundi la asaimenti, timu, biashara ya mtu bwenini, na nyumbani nao watapiga simu. Itikeni, chuo si mahali pa kujifungia. Lakini kabla ya kuitika, kila mmoja ajue anaitikia akiwa amesimama wapi. Wiki iliyopita nahodha aliniingiza dakika 20 za mwisho, katikati. Nilipoteza mpira mara mbili, nikatoa pasi moja nzuri ambayo winga wetu aliipaisha. Tulitoka sare. Kuna Jumamosi nyingine.